Maziwa Niliyomnyima Selina

Ch, ch, ch. Nilijua kabla sijafumbua macho kwamba ni Masalu, anafyonza kidole gumba chake gizani. Mtoto huyu akiamka na njaa halii. Anafyonza kidole kwanza, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa watu asiowajua, na usipomwitikia ndipo anaanza kelele. Nikamvuta kifuani. Upande wa ukutani Gladness, dada yake wa miaka minne, alikuwa amelala huku amekunja magoti. Baba yao hakuwepo. Zamani Yakobo alikuwa anauza maji na soda kwenye foleni ya magari ya kivuko pale Kigongo. Tangu magari yaanze kupita darajani bila kusimama, amepata kibarua ng'ambo, Sengerema, na nyumbani anakuja mwisho wa juma.

Nilikuwa namnyonyesha mtoto huku nawaza maktaba. Asubuhi ile nilikuwa naenda maktaba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na sikujua hata mtu anavaa nini.

Naitwa Evelina, ila kilimani wananiita Mama Gladness. Kazi yangu ni kugonga kokoto. Ukiwa Ilemela utaona nyumba zimepanda juu ya mawe, na katikati ya nyumba na nyumba bado kuna miamba mikubwa ambayo hakuna aliyeiweza. Kilima chetu kiko nyuma ya nyumba hizo, na ziwa linaonekana lote chini. Wanaume wanapasua miamba kwa moto na nyundo nzito. Sisi wanawake tunachukua vipande na kuvigonga mpaka vinakuwa kokoto za kujengea. Mkono mmoja unashika nyundo, mwingine unashika pete iliyokatwa kwenye mpira wa tairi, ambayo inalizunguka jiwe lisiruke. Jiwe kweli haliruki. Vinavyoruka ni vibanzi vyake.

Tunafanya kazi tumekaa duara. Watoto wanacheza katikati au wanalala kwenye kivuli cha turubai, chupa ya chai inazunguka, na maneno yanazunguka pamoja nayo. Kilimani kwetu ukikaa peke yako ukawapa wenzako mgongo, ni sawa na kutangaza kwamba una ugomvi nao. Kabla ya jua kupanda watu watakuja kukuuliza umekosewa nini.

Mkubwa wa duara letu ni Bibi Kashindye. Jicho lake la kushoto ni jeupe kama ganda la yai. Kibanzi kilimwingia kabla sijaanza kazi pale, na wenzake wakamfanyia kama inavyofanywa siku zote: akaitwa mwanamke anayenyonyesha, akamkamulia maziwa jichoni, bibi akapumzika kivulini, na kesho yake akarudi kwenye nyundo. Jicho likaanza kuvimba, halafu likazimika. Yeye hasemi kwamba maziwa yalishindwa. Anasema yaliitwa yamechelewa.

Kila kilima kina mwanamke wake wa maziwa. Wa kwetu kwa sasa nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeshawakamulia watu kadhaa walioingiwa na vumbi, wakapona, nami nikaona ni jambo la kawaida kama kumpa mtu chumvi.

Sasa kuhusu maktaba. Nasoma masomo ya jioni. Nilimaliza darasa la saba nikaishia hapo, na mwaka jana nikaona nikiendelea kusubiri wakati mzuri nitazeeka nao. Tunasomea kwenye darasa la shule ya msingi, kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu wetu, mwalimu Mayala, alitupa kazi ya muhula.

"Kila mmoja achague jambo moja la kazini kwake linaloumiza watu," alisema. "Aende maktaba, asome, aje atueleze linazuilika vipi."

Dereva wa bodaboda aliyekaa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, kwangu kinachoumiza watu ni bosi."

"Bosi hayumo kwenye rafu. Chagua kingine."

"Na simu je, mwalimu? Si ina kila kitu?"

"Ina kila kitu, ndiyo shida yake. Nataka uniletee kitu kimoja ulichokisoma mpaka mwisho."

Basi nikamwacha Gladness kwa jirani, nikambeba Masalu mgongoni, nikavaa gauni la kanisani, nikashuka mjini kwenye maktaba ya mkoa. Mezani alikuwepo kijana mwenye miwani, jina lake Revocatus. Nilimwambia kwa sauti ya chini, maana nilisikia kwamba mle ndani hawataki kelele, "Kaka, natafuta kitabu cha kokoto."

Akaenda akarudi na kitabu cha ujenzi. Kilikuwa na picha za nguzo na zege, na vipimo vya mchanga. Nilikifungua kwa heshima, nikakisoma, sikuona mtu hata mmoja ndani yake. Nikamrudishia.

"Unajenga, dada?"

"Sijengi. Nagonga. Nataka kujua tunafanyaje watu wasiumie macho."

"Basi usitafute kokoto," alisema Revocatus. "Kokoto ni kitu unachokishika. Wewe unatafuta jambo linalokusumbua. Hapo tuanzie kwenye usalama kazini, halafu majeraha ya macho, halafu huduma ya kwanza."

Neno hilo lilinisaidia kuliko kitabu chochote. Nilikuwa nimekuja na jina la jiwe, kumbe nilitakiwa kuja na jina la maumivu.

Nilirudi pale mara nyingi, kila nilipopata mtu wa kumwachia Gladness. Masalu akichoka mgongoni nilitoka nje kumnyonyesha kwenye ngazi, nikarudi. Kwanza nilisoma sheria ya usalama na afya mahali pa kazi. Nikafika kwenye wajibu wa mwajiri, nikasimama hapo muda mrefu. Mwajiri wetu ni nani? Mwenye lori ananunua tu. Mwenye kilima hatujawahi kumwona. Kila mwanamke pale ni bosi wa nyundo yake. Nikamweleza Revocatus, akakuna kichwa, akasema, "Basi itabidi wewe uwe mfanyakazi na mwajiri pia," akaniletea kitabu kingine.

Hicho kilikuwa cha Kiingereza. Nilikaa nacho na kamusi, mstari mmoja unakula nusu saa. Lakini kilikuwa na akili. Kilisema kumvalisha mtu miwani ni hatua ya mwisho kabisa. Kwanza uiondoe hatari yenyewe. Ukishindwa, umtenganishe mtu na hatari. Ukishindwa, ubadili namna kazi inavyofanywa. Ndipo umvalishe. Tena kilisema usianze na dawa, anza na maswali: aliyeumia alikuwa amekaa wapi, anatazama wapi, na kilichomuumiza kilitoka upande gani.

Kwenye kitabu cha huduma ya kwanza kulikuwa na mchoro wa mtu aliyefunikwa jicho kwa kikombe, kimefungwa kwa kitambaa. Chini yake maelezo: kitu kikichoma jicho, usikichomoe, usioshe, usisugue, usikandamize, usiweke chochote ndani, mpeleke hospitali.

Nikaliangalia lile "chochote". Masalu alikuwa anakoroma mgongoni kwangu.

"Kaka Revocatus," nilisema, "hili chochote, na maziwa ya mama yamo?"

Alifikiri kidogo. "Mimi ni mtu wa vitabu, siyo daktari. Nikikujibu kwa kichwa changu nitakudanganya. Tutafute."

Tulitafuta. Tulipekua kijitabu kimoja, cha pili, mpaka tukapata cha Kiswahili kilichoandikwa kwa ajili ya wahudumu wa afya vijijini. Kilitaja dawa za miti shamba, mkojo, na maziwa ya mama, vyote kwenye sentensi moja, kwamba visiwekwe kwenye jicho lililoumia kwa sababu vinaweza kupeleka vijidudu ndani ya kidonda. Vumbi tu likiingia, maji safi yanatosha. Nilisoma sentensi ile tena. Nikajisikia kama mtu aliyeambiwa kwamba mkono wake anaopikia si safi. Nikatoa nakala kivuli ya ukurasa huo na ule wa mchoro wa kikombe, nikaondoka nazo.

Kilimani nilianza na maswali kama kitabu kilivyosema. Niliwauliza wenzangu mmoja mmoja: wewe ulipoumia, kibanzi kilitoka kwenye jiwe la nani? Nikachora duara letu mavumbini kwa kijiti. Ikaonekana kwamba karibu wote tulikuwa tumepigwa na jiwe la mtu aliyekaa mbele yetu. Jiwe lako mwenyewe umeliinamia, unafumba macho nyundo inaposhuka. La mwenzako hulioni linapopasuka, wewe unamcheka huku umekodoa macho.

Selina alikuja kulitazama duara langu. Selina ndiye rafiki yangu pale, wa rika langu, mdomo haupumziki. Asubuhi anagonga kokoto, mchana anasuka watu nywele barazani kwao, zile nyembamba kabisa ambazo wengine wanasema zinawaumiza macho. Ana mpango wa kuiacha nyundo na kufungua saluni.

"Kwa hiyo mchawi wangu ni Bibi Kashindye," alisema Selina. "Ndiye anayenitazama kila siku."

"Nikuloge wewe nipate nini?" alisema Bibi Kashindye. "Hizo kandambili?"

Nikawaambia: tukae mstari, wote tutazame ziwani, kila mtu na nafasi yake.

"Kama kanisani," alisema Bibi Kashindye. "Na nani anahubiri?"

Lakini walinipenda, wakajaribu. Siku ile tulikaa mstari asubuhi yote na sijawahi kuona asubuhi ndefu kama ile. Mtu akisema jambo, wa mwisho hasikii, anauliza limesemwa nini, linarudiwa, utamu umeshakwisha. Ilipofika chai mstari ukaanza kupinda. Mmoja aligeuka kidogo amsikie mwenzake, mwingine akasogeza jiwe lake, na kabla kikombe hakijarudi tulikuwa duara tena. Hata mimi nilikuwa nimegeuka.

Basi nikaenda kwenye hatua ya mwisho. Nilichukua mchoro wa miwani ya wavu wa waya niliounakili kwenye kile kitabu cha Kiingereza, nikampelekea Farouk, fundi bati wa Mabatini anayetengeneza majiko na vikaangio. Vioo tulishavijaribu zamani. Vinaingia ukungu wa jasho, vinapata mikwaruzo, unavivua. Farouk aliugeuza ule mchoro juu chini.

"Hili ni chujio la chai," alisema. "Mawili."

"Unaweza kuyaunganisha?"

"Dada yangu, nimeunganisha vitu vibaya zaidi ya hivi."

Alitengeneza moja ya mfano. Selina ndiye aliyeivaa wa kwanza, akapita nayo mbele ya wanaume wanaopasua miamba.

"Nani kamvisha inzi kanga?" aliuliza mmoja.

"Inzi anakuona vizuri," alisema Selina. "Na zipu yako iko wazi."

Ilimkaa vizuri, isipokuwa ilimchuna puani. Farouk akasema nimrudishie aizungushie mpira wa ndani wa baiskeli, halafu atatengeneza za wote. Nikamrudishia.

Miwani ikiwa bado Mabatini, Selina aliumia.

Ilikuwa baada ya chai. Selina alikuwa anatuigizia mteja wake mmoja aliyetaka nywele za harusi kwa kichwa kisichokuwa na nywele, na sisi tunacheka. Bibi Kashindye, mbele yake, alikuwa anacheka pia, huku nyundo yake inashuka. Nilisikia jiwe likipasuka kwa mlio mkali kuliko kawaida. Selina akanyamaza katikati ya neno. Akashika jicho la kulia kwa viganja vyote viwili, akainama mpaka paji la uso likagusa magoti.

"Usisugue," nilisema. Nilikuwa nimeshafika kwake. "Selina, toa mikono. Taratibu."

Alitoa. Machozi yalikuwa yanatoka yamechanganyika na damu kidogo, na kwenye weusi wa jicho kulikuwa na kitu kidogo cha kijivu, kama punje ya mtama iliyokatwa. Hakikuwa juu ya jicho. Kilikuwa ndani.

"Mama Gladness," Bibi Kashindye aliita. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mkamulie haraka. Yasichelewe kama yangu."

Wawili wengine walishaanza kumlaza Selina chali na kumshika kichwa. Naye Selina mwenyewe akanyoosha mkono, akanishika gauni. "Evelina, nikamulie," alisema, kisha akaanza kulia kwa sauti.

Mwanamke yeyote aliyenyonyesha analijua hili. Kifua hakitofautishi kilio cha mtoto na kilio cha mtu mzima. Maziwa yalishuka. Nilisikia yakiuma, halafu gauni likalowa mbele, pande zote mbili, na watu wote wakaona.

"Hapana," nilisema. "Sikamui."

Wakanitazama kama hawakusikia.

"Kibanzi kimetoboa jicho. Hakiwekwi kitu. Mkalisheni."

"Unasema nini wewe?" alisema Bibi Kashindye.

"Nimesoma, bibi. Nilikwenda kutafuta nikasoma. Maziwa yatamharibu."

"Una maziwa yanakudondoka kifuani, mwenzako anapofuka, unaniambia habari za kitabu?" Jiwe lilikuwa lake, na yeye alilijua hilo kabla ya sisi wote. "Hata mbuzi hanyimi. Una kinyongo gani na huyu mtoto?"

Moyoni sikuwa na uhakika aliodhani ninao. Nilikuwa na kurasa mbili za kivuli. Nikiwa nimekosea, Selina atapofuka na nitaishi kilima hiki hiki na jina la aliyemnyima mwenzake maziwa. Nikakichukua kikombe cha plastiki cha chai, nikamwaga kilichobaki, nikakifuta vizuri kwa upande safi wa kanga ya Masalu. Nikakiweka juu ya jicho la Selina, mdomo wa kikombe ukae kwenye mfupa, usiguse jicho. Nikapasua kipande cha kanga ile, nikafunga. Nilifunga na jicho zima pia, maana kitabu kilisema jicho moja likizunguka, la pili linazunguka nalo.

"Sioni kitu," alisema Selina.

"Najua. Nimekufunga yote mawili. Nishike mkono, hatua kwa hatua, kuna jiwe hapo."

Mwanamke mmoja alibaki na Gladness. Nikamfunga Masalu mgongoni, tukateremka mpaka barabarani, nikasimamisha bajaji. Nyuma yangu hakuna aliyesema tufike salama.

Hospitali ya rufaa tulipokelewa na daktari mwanamke, hana hata umri wa kutuzidi. Alikifungua kile kikombe polepole, akamulika.

"Mmeosha?"

"Hapana."

"Mmejaribu kutoa?"

"Hapana."

"Mmeweka nini?"

"Hatujaweka kitu."

Akalitazama gauni langu lililokauka na alama mbili za mviringo. "Hata maziwa?"

"Hata maziwa."

"Sawa," alisema. Akaandika. Nilingoja aseme zaidi. Alimwita mwenzake, wakaangalia wote, wakazungumza majina ya vitu nisivyovijua. Halafu akamwinamia Selina. "Kipande kimetoboa ukuta wa mbele wa jicho. Tutakitoa leo na kushona. Utaona kiasi gani baadaye, siwezi kukuahidi. Naweza kukuambia tu kwamba jicho ni safi, na jicho safi linanipa pa kuanzia."

Selina alilishika neno moja tu. "Nitaweza kusuka?"

"Tukitoe kipande kwanza."

Ndugu zake Selina walifika kutoka Magu wakashika zamu ya kumwuguza, nami nikarudi kilimani. Asubuhi ya kwanza nilimsalimu Bibi Kashindye kama kawaida. "Shikamoo, bibi." Nyundo yake ilipanda ikashuka. Hakuitikia. Wengine waliitikia salamu, lakini Masalu alipolia hakuna aliyenyoosha mikono kumpokea kama walivyozoea. Chupa ya chai ilizunguka ikafika kwangu ikiwa tupu. Hawakunitukana. Ningependa wangenitukana.

Habari za hospitali zilikuwa zile zile: bado amefungwa, wanasubiri uvimbe upungue. Kila jioni nilimwosha Gladness miguu, nikampakata Masalu, nikaifungua kazi ya mwalimu Mayala, na sikuweza kuandika sentensi ya mwisho. Ningeandikaje kwamba jambo hili linazuilika, wakati Selina analala kitandani na hatujui? Mwalimu alipouliza nilimwambia bado. Akasema, "Andika mpaka pale unapojua, uache nafasi." Nikaiacha nafasi.

Siku moja Bibi Kashindye alikuja kukaa kando yangu. Hakusalimia.

"Hicho kikaratasi chako bado unacho?"

Nilikuwa nacho, kimekunjwa ndani ya kanga. Akakishika karibu kabisa na jicho lake zima.

"Huyu ni mzungu?"

"Ni mchoro tu, bibi."

"Na kikombe chochote?"

"Chochote kilicho safi. Kisiguse jicho."

Akakaa nacho. Chini ziwani meli ya mizigo ilikuwa inaingia, polepole, na moshi wake umelala.

"Siku ile ya kwanza," alisema Bibi Kashindye, "mimi nilikuwa naona. Kwa jicho hili. Nilikuwa naona mwanga na watu wakipita. Lilikuja kuzimika baadaye, likiwa limejaa usaha. Yule aliyenikamulia alikuwa dada yangu. Alikuwa na mkono mzuri."

"Alitaka kukusaidia, bibi."

"Najua alitaka nini." Alinirudishia karatasi, akainuka, akaliburuta jiwe lake la kukalia. Niliposikia linakwaruza nilidhani anahama kwangu. Aliliweka pembeni ya duara, uso wake ziwani, mgongo kwetu sote. Akaanza kugonga.

Tulitazamana. Mmoja akamwuliza, "Bibi, tumekukosea nini?"

"Hamjanikosea. Jiwe langu limeshamkosea mtu, inatosha. Anayetaka kuongea na mimi aje akae hapa pembeni, apaze sauti, mimi si kiziwi."

Wakaenda, mmoja mmoja. Mstari ule haukupinda tena kwa sababu Bibi Kashindye hakugeuka, na huwezi kufanya duara na mtu asiyegeuka. Maneno yetu sasa tunayasema kwa sauti kubwa sana, mpaka wanaume wa miamba wanayajibu kutoka juu. Hatuna siri tena pale kilimani. Farouk naye alileta miwani ya wavu kwa mfuko, imezungushiwa mpira, kila mtu akachagua, na ubishi ukawa nani ameipata inayomkaa vizuri. Asubuhi iliyofuata nilisema shikamoo, na Bibi Kashindye, bila kugeuka, akasema marahaba.

Selina alirudi baada ya majuma kadhaa, si kufanya kazi, kutusalimia tu. Jicho lilikuwa bado jekundu, na juu yake alivaa kofia pana ya kuzuia jua. Tulimsimulia yote kwa mkupuo, miwani, mstari, wanaume wanaotujibu, akacheka, lakini alikuwa anacheka huku anaangalia pembeni, kama mtu anayesikiliza kitu kingine. Nikamuuliza wamemwambia nini.

"Wamenifungua jana. Wanasema nilizoeshe." Aliinua kiganja akalifunika jicho zima. "Jana nilikuwa naona maziwa matupu. Nyie nyamazeni, nataka kujaribu."

Nyundo zikanyamaza mstari mzima. Bibi Kashindye ndiye wa mwisho kuiweka yake chini, na hapo akageuka.

"Gladness, njoo hapa," alisema Selina. "Simama hapo hapo. Umeshika nini mkononi? Usiniambie."

Gladness alisimama mbele yake na kuinua mkono kama alivyoambiwa. Selina akalikodoa jicho lile jekundu. Machozi yakamtoka, asiyafute. Akasogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma, akakilaza upande. Nilikuwa nimemshika Masalu kwa nguvu mpaka akaanza kujinyonganyonga.

"Kirefu," alisema Selina. "Hakina ukingo, kinachezacheza. Lakini ni kirefu, na ni cha njano."

Gladness akautazama mkono wake kuhakikisha, kisha akamtazama Selina.

"Ni ndizi," alisema.